Siku Niliyozimia Kweli

Bagamoyo
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu mpenzi Mwajuma,

Assalaam alaykum. Nakujua wewe. Hata kabla hujaivaa miwani vizuri umeshaiamkia karatasi hii kana kwamba ni mimi nimeingia mlangoni. Marahaba, mama. Marahaba tena. Magoti yanasemaje? Bado yanakusumbua unapoinuka kutoka kwenye sijda, au yale mafuta ya mke wa mwanao Kassimu yamesaidia? Na paa la jiko, mmeliziba, au mvua ikinyesha mnaendelea kuhamisha masufuria? Huku mvua zimechelewa. Joto ni lile la kulowesha shuka, na upepo ukitoka upande wa Mlingotini unatuletea harufu ya mwani unaoanikwa juani. Nimeizoea. Hata samaki wao nimewazoea, ingawa mbele za watu ninaendelea kusema kwamba hakuna samaki anayemfikia mgebuka wa ziwa letu.

Utajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Simu yako, Mwajuma, ni ya nyumba nzima. Kassimu anaiweka sauti ya juu kwa ajili ya masikio yako, na nikipiga chafya tu, Ujiji yote inaniombea afya kabla ya alasiri. Jambo nililonalo si la kupaziwa sauti. Jirani yetu hapa, mke wa Mzee Shomari, anasafiri kwa treni kuja Kigoma kumwona binti yake aliyejifungua. Nimemwomba barua hii akukabidhi wewe mwenyewe mkononi, na asimpe mtu mwingine hata akiambiwa umelala.

Nisizunguke sana, maana nikizunguka nachoka. Ninaumwa moyo. Si moyo wa huzuni, ni moyo wenyewe, ile nyama. Nimekwenda kwa siri kwenye zahanati moja ya mtu binafsi, nikapimwa, nikaambiwa umetanuka na unapiga ovyo ovyo, na kwamba natakiwa kwenda Dar kwa vipimo vikubwa zaidi. Nimepewa vidonge. Ninavificha ndani ya boksi la kofia zangu. Saumu hajui. Mjukuu wangu ni daktari, analala chumba cha pili, na hajui.

Alhamisi hii Saumu anakwenda Dar kwenye mtihani ambao maisha yake yote ya mbele yameuegemea. Nikimwambia hali yangu, hatakwenda. Nisipomwambia, ninaweza kufa akiwa huko, na ninyi nyumbani mtasema daktari alimwacha babu yake akafa peke yake akakimbilia karatasi. Najua mtasema. Nilipoondoka Ujiji kuja kukaa na Saumu hapa kazini kwake, Kassimu alisema mbele ya ukoo mzima, "Sawa, mchukue mzee, lakini likitokea la kutokea tutakuuliza wewe." Wewe ulikuwepo. Saumu aliitikia kwa kichwa, na tangu siku ile maneno yale ameyabeba kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

Nikueleze mtihani wenyewe, upate kuelewa kwa nini nimenyamaza.

Saumu anataka kusomea udaktari bingwa wa usingizi, wale wanaomlaza mgonjwa wakati wa upasuaji na kumlinda asiende moja kwa moja. Chuo alichoomba hakitosheki na shahada na miaka ya kazi. Wanataka na cheti cha kuokoa maisha, na kiwe hai, maana vyeti hivi vinakwisha muda wake kama leseni ya dereva. Cha kwake kiliisha bila yeye kushtuka, kwa zamu na uchovu. Tena safari hii hawataki kile cha kubonyeza kifua tu. Wanataka cha ngazi ya juu, ambapo daktari anasimama mbele ya mtu ambaye moyo wake umesimama, anawaongoza wenzake: wewe bonyeza, wewe toa hewa, wewe andaa mashine ya kushtua moyo, wewe choma dawa. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi. Bila cheti, ile kompyuta ya maombi haikupokei hata uilie. Na yule mfadhili aliyekubali kumsomesha amesema ni mwaka huu, mwakani hana ahadi.

Alikwenda mara ya kwanza mwezi uliopita. Akarudi ameanguka.

Sikuamini. Mtoto huyu unamjua, tangu mdogo anakariri kitu akikisoma mara moja. Nikamuuliza, "Umekosea dawa?" Akasema hapana. "Umekosea mashine?" Hapana. Akakaa kwenye kibaraza, viatu hajavua, akanieleza.

Wanawapanga makundi. Mgonjwa ni mdoli wa plastiki, mkubwa kama mtu. Kwenye kundi lake alikuwepo kijana mmoja tabibu, na muuguzi mtu mzima, mama wa makamo kutoka Kibaha, kichwa kimeanza mvi. Saumu ndiye kiongozi. Msimamizi akasema, "Moyo umesimama, anza." Unajua mjukuu wetu alifanya nini? Alimgeukia yule mama akasema, "Shikamoo sista. Samahani sana, kama hutajali, naomba utusaidie kubonyeza kifua." Na yule mama, kwa adabu zake, akajibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Saumu akasema, "Sijambo, sijui wewe." Msimamizi akaweka kalamu mezani. Akasema, "Daktari, wakati mnajuliana hali, mgonjwa wako ameshaoshwa na kukafiniwa."

Watu wakacheka, yeye akachanganyikiwa. Kila alipotaka kumwambia yule mama abadilishane na kijana kwa sababu amechoka, maneno yakawa yanatoka na samahani tatu mbele. Wakaandika kwamba elimu anayo lakini hawezi kuongoza.

Nilicheka pale kibarazani. Halafu nikaingia ndani, kicheko kikakatika. Nani alimfundisha kwamba mkubwa haamrishwi? Mama yake alipofariki, nani alimlea? Alikuwa akitaka maji ananiambia, "Babu, kama hujachoka, naona kiu." Mimi nilijisifu kwa hilo msikitini.

Basi tukaanza mazoezi hapa nyumbani. Tuna jirani mmoja, Mama Chausiku, Mzaramo, mkunga mstaafu, mwenye mdomo ambao hata wewe ungeuogopa. Akasema, "Nipeni mimi huyo mtoto. Nitamfundisha kutoa amri mpaka mume atakayemwoa aje kunishtaki." Kila jioni Saumu akirudi kazini tunatandika mkeka uani. Mimi ndiye mgonjwa. Ninalala chali, nafumba macho, nanyamaza. Kwa kuwa mtu anayepumua habonyezwi kifua bure, pembeni yangu wanaweka mto, na Mama Chausiku anaubonyeza mto. Saumu ananitikisa mabega, anaita, "Babu! Babu! Unanisikia?" Anainamisha sikio puani kwangu, ananigusa shingoni kwa vidole viwili, kisha anasema kwa sauti, "Hapumui. Hana mapigo. Anza kubonyeza."

Mwanzoni ilikuwa vichekesho vitupu.

"Mama Chausiku, tafadhali anza…"

"Tafadhali kamwambie mpangaji wako! Mzee anakufa huyu!"

"Anza kubonyeza, mama."

"Sisikii. Unaniomba chumvi?"

"Anza kubonyeza!"

"Eeh. Hapo sasa. Na usiniangalie kama umeniibia kuku."

Nami pale chini ninajitahidi nisicheke, tumbo linatikisika. Saumu, kwa ule utani wetu wa babu na mjukuu, ananiita mume wangu. "Mume wangu, maiti haicheki." Mama Chausiku anasema yeye ni mke mwenza na kwamba urithi wamekwisha kugawana. Jioni zile, Mwajuma, zilikuwa na raha ambayo sikuitegemea katika umri huu.

Sasa nisikilize. Ijumaa iliyopita nilirudi kutoka msikitini nikiwa sina nguvu. Niliona haya kusema. Nikalala mkekani kama kawaida. Nakumbuka mbingu ilikuwa nyeupe, na kunguru alikuwa ukutani. Nikasikia moyo unaruka, mara unanyamaza, mara unaruka. Halafu sikusikia kitu.

Sikuigiza. Sikufumba macho kwa hiari yangu. Nilikwenda, sijui wapi, mahali pasipo na kitu.

Sauti ya kwanza niliyoisikia nikirudi ilikuwa ya Saumu, juu ya uso wangu, safi, ya mtu anayesoma somo lake vizuri. "Hana mapigo."

Kisha ikaja ya Mama Chausiku, "Nabonyeza!" na mto ukawa unalia pembeni yangu, puh, puh, puh. Mimi nimelala, mikono ya baridi, jasho limenitoka mpaka kwenye masikio. Walipomaliza Saumu akapiga makofi. Alikuwa ameongoza vizuri, bila samahani hata moja. Akaniinamia akicheka, akasema, "Mume wangu, leo umekufa vizuri mno! Hata mguu hukuuchezesha."

Nami nikacheka. Nikasema, "Nimeshakuwa bingwa." Wakaninyanyua. Nikasema joto limenizidi, nikaenda chumbani, nikakaa kitandani nimeshika ukingo wa chaga kwa mikono miwili.

Hilo ndilo ninalokuungamia. Hakuna mwingine aliyelisikia.

Jumatano, asubuhi

Barua bado iko kwangu, mke wa Mzee Shomari ameahirisha safari mpaka Ijumaa. Sijamwambia Saumu.

Nilijaribu jana. Alirudi na kibakuli cha supu ya pweza kutoka kwa mgonjwa wake mmoja, tukakaa tunakunywa. Nikasema, "Saumu, kuna neno nataka kukwambia." Akaweka mkono juu ya mkono wangu. "Babu, nakuomba. Kama ni habari mbaya, ikae mpaka Alhamisi ipite. Kichwa changu kimejaa, kikiongezwa tone kinamwagika." Nikasema si habari mbaya, ni kwamba supu haina ndimu.

Wewe unakumbuka nilivyokuwa nikifundisha. Kila mwaka nilikuwa naagiza moyo wa ng'ombe machinjioni, naupasua mezani mbele ya darasa, nawaonyesha vyumba vyake na milango yake midogo inayofunguka upande mmoja tu. Wasichana wakiziba pua, wavulana wakijifanya hawaogopi. Sasa nikikaa peke yangu ninajiona kama mtu aliyefungua redio asiyoweza kuizima. Nausikia ukipiga. Nasubiri pigo linalofuata. Likichelewa, natoka jasho. Ninajua milango ile inavyoonekana ikilegea. Ningependa nisijue.

Na kuna wazo moja limenijia asubuhi hii likanitisha kuliko kifo chenyewe. Leo jioni Saumu atatandika mkeka kwa zoezi la mwisho. Je, nikienda tena, safari hii nisirudi? Atanigusa shingoni, atasema hana mapigo, ataendelea na somo lake mpaka mwisho, kisha atapiga makofi na kucheka juu ya maiti. Na atakuja kujua baadaye. Mtu hawezi kuwa daktari baada ya hapo. Sidhani hata kama anaweza kuwa mzima.

Namsikia anarudi kutoka dukani. Nitaacha hapa.

Alhamisi, hospitalini

Mwajuma, mwandiko umeharibika kwa sababu ninaandika nimeegemea mto, na mkono mmoja umefungwa mpira wa dripu. Vumilia.

Jana jioni alitandika mkeka. Mama Chausiku akaja na mto wake mwenyewe, anasema ule wetu ameshauvunja mbavu.

"Lala, mume wangu," Saumu akasema. "Leo ndiyo mara ya mwisho. Kesho nakwenda kuaibika mbele ya wakubwa."

"Leo silali."

"Umechoka kufa?"

"Mwache," akasema Mama Chausiku, "amepata mke mpya kule msikitini, anajitunza."

Nikasema, "Saumu. Ijumaa, uliposema nimekufa vizuri. Sikuwa naigiza."

Aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Nikamwambia nilizimia. Nikamwambia sikumsikia akiniita, na kwamba nilipozinduka nilimkuta anasema hana mapigo. Nikamwambia zahanati, nikamwambia boksi la kofia.

Hakulia. Ningependa angelia. Alijishika shingo yake mwenyewe kwa vidole viwili, akasema polepole, "Nilikushika hapa, babu. Nilikushika hapa, na sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasema tu."

Mama Chausiku aliuweka mto wake chini.

Kisha hasira ikampanda Saumu. "Watu wanatoka Lugoba alfajiri waje kunieleza vifua vyao vinauma," akasema, "na wewe unameza vidonge nyuma ya ukuta wangu. Unanifanya nini, babu? Mimi ni nani kwako? Mtoto wa kuchotea maji?"

Nikaanza kujieleza, mtihani, maombi, mwisho wa mwezi. Hakunisubiri.

"Kaa hapa. Egemea ukuta. Usiongee." Akanishika mkono, macho kwenye saa yake, na safari hii alikuwa anasikiliza, niliona kwenye paji la uso wake. "Mama Chausiku, ita bajaji. Sasa hivi. Ukishaita rudi uniambie."

"Bajaji, naita," akasema Mama Chausiku, akatoka mbio na ule umri wake. Akarudi. "Nimeita. Iko njiani."

"Kofia zake ziko kabatini, lete boksi. Fungua mlango wa mbele uache wazi. Babu, nimesema usiongee."

Sikusikia shikamoo wala samahani. Mama Chausiku ana umri wa kumzaa mama yake, na alikuwa anakwenda na kurudi kama askari. Nami, mwalimu mkuu mstaafu, nimefunga mdomo wangu.

Hapa hospitali wamenipokea vizuri. Daktari wa zamu ni mtu mpole, anaongea nami kama mtu anayejua kwamba nitaelewa. Amesema moyo umechoka na mapigo hayana mpango. Wataniangalia siku kadhaa, wajaribu kuyatuliza kwa dawa, halafu nipelekwe Dar. Nilimuuliza kama ninaweza kufa. Akasema, "Mwalimu, unaweza. Na unaweza usife. Sitakudanganya." Nilimshukuru kwa hilo.

Baada ya isha Saumu akaniambia haendi. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, begi lake la safari liko miguuni, halijafunguliwa.

Nikamwambia, "Unakwenda."

"Siendi, babu. Mtihani utakuwepo tena."

"Mwezi huu?"

Akalisogeza begi kwa mguu.

"Mfadhili je, atakuwepo tena?"

"Babu, nikienda, na wewe…" Hakumaliza. Akaanza upya, na hapo ndipo nilipoona kilichomkaa kooni. "Mjomba Kassimu atasimama mbele ya watu. Atasema tulimwambia. Atasema alimkuta na dripu mkononi, akamwacha. Nami nitajibu nini? Watu wote wa Ujiji watakuwa wamekaa, na itakuwa kweli."

Mama Chausiku alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Akasema, "Mimi nitakaa na mzee. Nimekaa na nusu ya mji huu ikija duniani, nishindwe kukaa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupumua tu?"

"Si kukaa, mama," Saumu akasema. "Ni watakavyosema."

Nikamwambia hao aniachie mimi. Nikamwambia nina barua kwa bibi yake Mwajuma, haijafungwa, na kwamba nitaandika ndani yake kila kitu kilivyokuwa, kwa mkono wangu, na hakuna mtu Ujiji atakayesimama kubisha mkono wa Mwalimu Idi. Akauliza, "Utaandika kweli?" Nikamwambia ndiyo.

Ameondoka leo asubuhi na gari la kwanza. Kabla ya kwenda amesoma karatasi zote za kitandani, amemhoji daktari wa zamu mpaka nikaona haya, amemwachia muuguzi namba yake ya simu na ya msimamizi wa mtihani. Ninapoandika, yuko kwenye kile chumba, mbele ya ule mdoli. Sijui anafanyaje. Mama Chausiku amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Kifua changu leo ni kizito. Si maumivu, ni kama mtu ameweka kitabu kikubwa juu yake akasahau kukiondoa.

Sasa hili ninalokuomba, na ninakuomba kwa haki ya tumbo moja lililotuzaa. Habari zangu zikija, za uzima au za kifo, kabla Kassimu hajasimama, simama wewe. Magoti yakikataa, wakushike. Soma barua hii mbele yao, tangu ile Jumatatu. Waambie nilikuwa mgonjwa kabla Saumu hajajua, na nilimficha mwenyewe. Waambie nilipomwambia, alinitoa nyumbani wakati huo huo na kunifikisha mahali pa matibabu. Waambie alikataa kwenda, nami nikamtuma. Ni amri yangu. Yeyote mwenye swali, aje aniulize mimi, nikiwa hai hapa Bagamoyo, na kama si hai, basi tutaulizana kwa Mola wetu. Mtoto asiulizwe. Wala kwa jicho asiulizwe. Unajua jinsi watu wetu wanavyoweza kumuuliza mtu kwa jicho matanga mazima.

Na Kassimu mwenyewe nisalimie kwa upendo. Alisema vile kwa kunipenda, najua. Mwambie aliyoyasema yalinikaa kwa wema, lakini sasa ayarudishe. Nisalimie mjane wa kaka yetu, yeye na dawa zake za kienyeji ambazo natamani ningekuwa nazo leo. Nisalimie mke wa Kassimu, mpishi wetu wa dagaa, na mabinti zake wote, walioolewa na wanaosubiri. Nisalimie imamu wetu, na yule rafiki yangu fundi cherehani, mwambie kanzu aliyonishonea ndiyo niliyokuja nayo hospitali. Wanafunzi wangu wa zamani ukikutana nao sokoni, waambie mwalimu anawakumbuka kwa majina, hata wale watoro.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe wepesi wa magoti na wa moyo, atusamehe sote.

Ni mimi kaka yako,
Idi

*

Mwajuma, karatasi hii ya mwisho ni yako peke yako. Itoe kabla hujawasomea.

Saumu alipokuwa anaondoka alisimama pale mlangoni na begi begani, akaniuliza, "Babu, unaogopa?" Nikamwambia siogopi. Nikacheka hata. Nikamwambia nimeshakufa mara nyingi sana mkekani, nimezoea. Akaamini, au alitaka kuamini. Akaja akanibusu mkono, akaenda.

Ninaogopa sana, Mwajuma. Mlango ulipojirudisha nilitaka kumwita. Jina lake lilikuwa mdomoni tayari, na viatu vyake vilikuwa bado vinasikika ukumbini, vikipungua, na nilijua kwamba nikisema mara moja tu, hata kwa sauti ndogo, angegeuka. Nilishika chuma cha kitanda mpaka viatu vikaisha.

Sikumwita. Hilo asilijue.